Vyura, Vinyonga na Mjusi wa Buluu: Safari Yetu katika Milima ya Uluguru

Watu wengi wapitao Morogoro kwa gari moshi au kwa basi huinua macho wakaitazama milima ya Uluguru, wakasema, "Milima mizuri hii!" kisha wakaendelea na safari zao. Nasi tukaao Mafiga, chini kabisa ya milima hiyo, twaitazama kila siku kama mtu atazamavyo ukuta wa nyumba yake. Wingu likifunika Bondwa, twaanua nguo. Lakini mle ndani ya msitu wanaishi akina nani? Hilo si wengi wanaoliuliza.

Kwa hiyo wakati wa likizo ya Desemba, mvua za vuli zikiwa bado zanyesha, mimi na mama watoto tuliwachukua watoto wetu watatu tukaenda kukaa milimani siku tano. Hatukwenda kuwinda, wala kutafuta kuni. Tulikwenda kutafuta vyura, vinyonga, mijusi na nyoka, tuwatazame kwa macho yetu na kuwaacha pale pale walipo. Jirani mmoja aliposikia alishika kiuno akacheka sana. "Nyoka huja mwenyewe nyumbani bila kuitwa," alisema, "nanyi mwamfuata mlimani na watoto wadogo!"

MATAYARISHO

Msitu wa Uluguru si mahali pa kuingia mtu apendavyo. Tangu utawala wa Wajerumani sehemu kubwa yake iliwekwa chini ya ulinzi, na mwaka 2008 Serikali iliufanya kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, yenye zaidi ya hekta 24,000. Basi jambo la kwanza lilikuwa kuomba kibali, kulipa ada, na kupata kiongozi. Tulipewa mzee mmoja mpole aliyezijua njia za msitu kama ajuavyo njia ya kisimani kwake.

Masharti aliyotupa yalikuwa machache. Tazama, usichukue. Ukiinua jiwe au gogo, lirudishe kama ulivyolikuta, maana hilo ni paa la nyumba ya mtu. Usitie mkono ndani ya shimo. Usiwashe moto msituni. Tena viatu vyote vioshwe na kukaushwa kabla ya kuingia, kwa sababu matope ya mahali pengine yaweza kuleta ugonjwa wa vyura. Hapo mama watoto alishangaa: "Toka lini vyura wakaugua?" Mzee akajibu kwamba tutayasikia hayo baadaye, na kweli tuliyasikia.

Mizigo yetu ilikuwa hema mbili za kuazima, mablanketi, makoti ya mvua, viatu virefu vya mpira, kurunzi moja kwa kila mtu, sufuria, unga, maharage na dagaa. Kila mtoto alichukua daftari na penseli. Kila mnyama atakayeonekana aandikwe: siku, saa, mahali, rangi na ukubwa wake, kisha achorwe. Wazazi wanaotaka watoto wao wajifunze kutazama vizuri, nawashauri wajaribu njia hii. Mtoto akijua kwamba ataulizwa, "Je, alikuwa na vidole vingapi?" hatazami tena ovyo.

KUPANDA MLIMA

Tulitoka Mafiga siku ya Jumatano alfajiri, tukavuka mji na kuanza kupanda. Mji wa Morogoro uko kiasi cha meta 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Bondwa, penye ile milingoti ya mitambo ionekanayo kutoka mjini, chapita meta 2,100. Na kule kusini kilele cha Kimhandu chapita meta 2,600. Njiani tulipishana na akina mama wakishuka sokoni na matenga ya mboga na ndizi vichwani, nao walitembea kwa wepesi mahali ambapo sisi tulihema kama mvukuto wa mhunzi.

Kwenye kijiji cha mwisho tulimkuta shemeji yangu akitungojea. Mama watoto ni Mluguru, na kwa desturi ya Waluguru ukoo hufuata upande wa mama; kwa hiyo mjomba si mgeni wa kupita, bali ni mkubwa hasa juu ya watoto. Watoto walimwamkia, "Shikamoo mjomba," naye alipowajibu alitwaa mzigo mzito kuliko yote akatangulia. Shamba lake liko chini kidogo ya mpaka wa hifadhi. Miaka yote amelima pale, naye alituambia waziwazi: "Mimi nawaongoza kwa sababu ni damu yangu. Lakini vyura? Nimekanyaga vyura tangu utotoni, sijaona cha kutazama."

Alasiri tulipiga hema mahali tulipoonyeshwa, karibu na Morningside, ile nyumba ya kale ya Wajerumani iliyo juu ya mji. Baridi ilishuka mapema na ukungu ukaja. Taa za Morogoro zilionekana chini mara moja, kisha zikafunikwa.

VYURA WASIOTAGA MAYAI

Baada ya kula, saa mbili usiku, mzee alituongoza hadi ukingo wa msitu. Watoto walikuwa wamekwisha washa kurunzi zote. Akasema, "Zimeni. Sikilizeni kwanza."

Mwanzoni tulisikia matone ya maji tu. Kisha kutoka gizani ikaja sauti ndogo, kali, safi: ti... ti... ti... kama mtu anayegonga chupa kwa kijiko. Ya pili ikajibu upande mwingine. Binti yetu wa miaka 12, aliye na masikio kuliko sisi sote, alikwenda polepole kwa kuifuata. Alipowasha kurunzi, juu ya jani lililofika kiunoni pake alikaa chura mdogo wa rangi ya udongo, asiyezidi urefu wa kidole gumba.

Kumbe chura huyu ni wa ajabu kuliko ukubwa wake. Karibu vyura wote wa dunia hutaga mayai. Mayai huwa viluwiluwi majini, na viluwiluwi huota miguu wakawa vyura. Lakini jamii hii, ambayo wataalamu huiita Nectophrynoides, haitagi mayai. Jike huyachukua mayai tumboni mwake mpaka yageuke, akazaa vyura wadogo waliokamilika, wenye miguu na vidole. Nchi yao duniani ni moja tu, Tanzania. Mwaka 2025 wataalamu walieleza aina 3 mpya za jamii hii kutoka milima yetu hii ya mashariki na kusini. Hivyo kazi ya kuwajua haijakwisha.

Binti akauliza kwa nini wanazaa. Mzee akamwonyesha mteremko. Maji ya mvua hapa hayatulii. Hukimbia kama mtu aliyeitwa. Madimbwi ni machache. Mama achukuaye watoto wake mwilini hahitaji kutafuta dimbwi.

Mbele kidogo palikuwa na mianzi. Mzee alitueleza kwamba yuko chura mwingine mdogo wa Uluguru, mweusi mwenye madoa, ambaye hutaga mayai yake ndani ya maji kidogo yakaayo katika mwanzi uliotoboka au katika makwapa ya majani ya mgomba-mwitu. Mjomba akasimama ghafula. "Basi ndiye huyo!" alisema. "Nikikata mwanzi mara nyingine namkuta chura ndani. Siku zote nilidhani amepotea njia."

KINYONGA USIKU

Mchana kinyonga ni vigumu kumwona. Usiku ni rahisi. Hupanda ncha ya kijiti akalala hapo, na rangi yake hupauka, hata ukipiga mwanga juu yake hung'aa kama kitambaa cheupe. Ndivyo kitinda mimba wetu wa miaka 8 alivyompata wa kwanza. Alimwona, akaruka nyuma, akaokota fimbo.

Tusimlaumu mtoto. Wengi wetu tumelelewa tukimwogopa kinyonga. Wengine husema ana sumu, wengine husema kukutana naye njiani ni mkosi. Na mara nyingi amepigwa mawe kabla hajamaliza hatua yake moja. Mzee aliitwaa ile fimbo taratibu, asigombe. "Njoo karibu," alisema. "Mhesabu pembe zake." Mtoto akahesabu: moja, mbili, tatu. Alikuwa dume wa kinyonga wa pembe tatu, na pembe zote zimetoka usoni kuelekea mbele. Jike wake hana pembe kama hizo, naye pia huzaa watoto hai.

Yafaa wasomaji wajue hili kwa hakika: hakuna kinyonga hata mmoja duniani mwenye sumu ya kumdhuru mtu. Chakula chake ni wadudu, na wadudu wengi ndio waharibuo mboga zetu.

Usiku huo huo, karibu na ardhi, kijana wetu mkubwa alimwona kinyonga mwingine ambaye sote tulikuwa tumempita. Urefu wake ulikuwa kama kidole, mkia mfupi, rangi ya jani kavu. Ni kinyonga mdogo wa Uluguru, aliyepewa jina la kitaalamu mwaka 1996 tu. Mchana hutembea kati ya majani makavu. Ukimtazama hujui kama ni jani au mnyama.

KIUMBE CHA UDONGONI

Alhamisi tulipanda juu zaidi, penye miti iliyovikwa kuvu na ndevu za mawingu. Mvua ilitunyeshea tangu asubuhi hadi jioni, na vyura walifurahi kuliko sisi. Ijumaa tulishuka hadi shambani kwa mjomba, tukalala kwake. Jioni alikuwa akichimba mashimo ya migomba, watoto wakitazama. Mara akainua jembe juu: "Nyoka!"

"Ngoja," mzee akasema.

Katika udongo mbichi alijinyonganyonga kiumbe mwembamba, wa rangi nyekundu hafifu, mwenye pingili mwili mzima kama nyungunyungu mkubwa. Hana miguu. Macho hayaonekani. Lakini si mnyoo, maana ana uti wa mgongo, taya na meno. Wala si nyoka. Ni ndugu wa chura, aliyeacha miguu akachagua kuishi chini ya ardhi, na huko hula mchwa na minyoo. Milima ya Uluguru ina aina zake yenyewe za viumbe hawa. Mmoja wao ana jicho lililoshikamana na kipapasio kidogo kando ya kichwa. Akikitoa kipapasio, jicho nalo hutoka.

Mwaka 2006 wataalamu walitangaza habari ya ndugu yake aishiye milima ya Taita, Kenya. Mama akiisha angua watoto, ngozi yake ya nje hunenepa na kujaa mafuta. Watoto humzunguka wakaitafuna ngozi hiyo, nayo huota tena, mpaka wakue. Mama watoto alisikiliza habari hii akiwa amemshika kitinda mimba mabegani. "Basi akina mama wote ni wamoja," alisema.

Mjomba alikifunika kiumbe kile kwa udongo, akaanza shimo jingine hatua mbili pembeni.

Na nyoka je? Tulimwona mmoja tu siku zote tano, mdogo wa kahawia chini ya gogo, naye alitukimbia upesi. Katika milima hii wamo wenye sumu, kama kifutu sehemu za chini na nyoka mmoja mdogo wa mitini mwenye vipembe juu ya macho. Kwa hiyo vaa viatu virefu, tembea na taa usiku, usitie mkono usipopaona. Akiuma mtu, usichanje jeraha, usilinyonye, usikaze kamba; mlaze mgonjwa atulie, asitembee, mpeleke hospitali mara moja. Lakini nyoka wengi hawana madhara kwa mtu, na panya waliwao na nyoka hawamalizi mahindi ghalani.

MAJINA YETU KATIKA VITABU VYA DUNIA

Jioni ile motoni mzee alitusimulia habari za waliotutangulia. Mwaka 1926 alifika hapa Arthur Loveridge, mtu wa Wales, aliyewahi kufanya kazi Nairobi na Kilosa, na sasa ametumwa na jumba la makumbusho la Chuo cha Harvard, Marekani. Alipiga kambi katika vijiji vya Uluguru, na wenyeji, hata watoto, walimletea vyura na mijusi. Mwaka 1928 yeye na mwenzake Thomas Barbour walichapa kitabu kikilinganisha wanyama hawa wa Uluguru na wa Usambara. Ndiyo maana katika vitabu vya elimu hiyo jina "uluguruensis", yaani wa Uluguru, limeandikwa mara nyingi: chura wa Uluguru, mjusi wa Uluguru, nyoka wa Uluguru.

Hata lugha yetu imeingia humo. Mwaka 2006 jamii moja ya vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki ilipewa jina Kinyongia, kutokana na neno letu kinyonga. Na chura mmoja mzuri sana wa milima ya Ukaguru, katika mkoa wetu huu huu, alipewa mwaka 2002 jina Churamiti maridadi. Watoto walicheka kwa furaha, maana jina hilo la kitaalamu waliweza kulisoma na kulielewa bila kufundishwa.

Kwa nini milima hii ina wanyama wasiopatikana kwingine? Uluguru ni mmoja wa milima ya Tao la Mashariki, ianzayo Taita hadi Udzungwa. Ni milima ya kale sana, nayo hupokea mvua kutoka Bahari ya Hindi. Nchi za chini zilipokauka, misitu ilibaki juu tu, kila mlima peke yake kama kisiwa. Chura wa Uluguru hawezi kuvuka mbuga yenye joto aende Ukaguru. Alibaki kwake, wazao wake wakabadilika taratibu kwa miaka mingi mno. Kwa hiyo msitu wake ukikatwa hana pa kukimbilia.

MJUSI WA BULUU WA KIMBOZA

Jumamosi tuliagana na mlima, tukashuka mjini na kupanda gari la njia ya Matombo. Mama watoto ana ndugu huko, na watoto walitaka kumwona mjusi ambaye hawapatikani wenzake juu mlimani. Gari lilipita Kiroka na Mkuyuni, likatufikisha kwenye msitu wa Kimboza, ulio chini ya milima upande wa mashariki. Hapa hapana baridi. Ni joto na unyevu, na ardhi imejaa mawe ya chokaa yenye mapango na ncha kali. Msitu wenyewe ni mdogo, kiasi cha hekta 400 tu.

Humo huota mikadi, ile miti yenye majani marefu kama panga na miiba kando yake. Afisa wa msitu alituonyesha mmoja, akatuambia tusimame tusiseme neno. Baada ya kitambo, kati ya majani, alitokea mjusi mdogo kuliko kidole changu, wa rangi ya buluu kama anga baada ya mvua, na tumbo la rangi ya chungwa. Sijapata kuona mnyama mwenye rangi kama ile. Huyo alikuwa dume. Jike wake alikuwa karibu, wa kijani kilichofifia. Wataalamu humwita Lygodactylus williamsi, jina alilopewa na yule yule Loveridge mwaka 1952. Duniani kote anaishi katika msitu huu na vipande vichache vya misitu ya jirani, na karibu maisha yake yote ni juu ya mkadi.

Uzuri wake ndio uliomponza. Watu wa Ulaya na Marekani hupenda kufuga mijusi katika masanduku ya kioo, na walipomwona huyu walimtaka sana. Kwa hesabu ya wataalamu, kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua zaidi ya mijusi 32,000. Tena kwa sababu mjusi hujificha juu, wengi waliukata mkadi wenyewe ili wampate. Hivyo walichukua mtu, wakabomoa na nyumba yake.

Kijana wetu mkubwa aliuliza swali ambalo nadhani wasomaji wengi wangeuliza: "Baba, kama wazungu wanalipa, na watu wa hapa ni maskini, kuna ubaya gani kuuza mjusi?" Ni swali la haki. Mkulima mmoja wa karibu na msitu, aliyekuwa amefuatana nasi, ndiye aliyejibu. "Mwanangu, fedha iliyofika hapa ilikuwa ndogo. Aliyeshika mjusi alipata ya chumvi. Aliyemuuza ng'ambo alipata ya kujenga. Na mkadi uliokatwa siku moja hauoti siku moja." Nami naongeza hili: siku hizi mijusi hao huzalishwa katika nyumba za watu huko huko ng'ambo, kwa hiyo hata biashara hiyo ndogo haikubaki mikononi mwa watu wa Kimboza.

Hatua zimechukuliwa. Mwaka 2012 mjusi huyu aliandikwa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na mwaka huo huo mataifa yalikubaliana kuikataza biashara ya mjusi huyu aliyekamatwa porini. Lakini sheria iliyo ofisini haikai juu ya mkadi usiku na mchana. Wanaokaa hapo ni wanakijiji.

Jumapili tulisali Matombo, katika misioni iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwishoni mwa karne ya 19, kisha tukarudi nyumbani.

HABARI YA KIHANSI

Sasa nieleze ule ugonjwa wa vyura. Mwaka 1996, katika maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa, alionekana chura mdogo wa manjano wa jamii ile ile ya vyura wanaozaa. Nchi yake yote ilikuwa hekta chache tu, zilizoloweshwa na rasharasha za maporomoko. Mwaka 2000 maji ya mto yaligeuzwa kwenda kuendesha mitambo ya umeme, na rasharasha ikapungua. Mabomba ya kunyunyiza maji yaliwekwa. Lakini mwaka 2003 vyura walikufa kwa wingi, na ugonjwa wa ukungu ushikao ngozi ya vyura ulionekana kati yao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hayupo tena.

Bahati njema, mwaka 2000 vyura karibu 500 walikuwa wamepelekwa Marekani, wakatunzwa na kuzaana katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 baadhi ya wazao wao walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha Kihansi ilianza. Kazi hiyo imegharimu fedha nyingi na akili za watu wengi. Kulinda nyumba ya mnyama ni rahisi kuliko kumjengea nyingine. Ndiyo maana tuliosha viatu.

MAFIGA MATATU

Mtu aweza kusema, "Mimi nina watoto wa kulisha, chura ana kazi gani kwangu?" Basi afikiri juu ya maji. Msitu ule ule unaowapa vyura unyevu ndio unaoyashika maji ya mvua na kuyatoa polepole. Mito ya Uluguru huingia Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa Dar es Salaam. Upande wetu mito mingine huingia bwawa la Mindu, linalounywesha mji wa Morogoro. Chura hunywa maji kwa ngozi yake. Kijito kikikauka au kikitiwa sumu, yeye hufa kwanza. Akinyamaza, sisi tumekwisha pewa habari.

Tena ulinzi wa mlima hauletwi na fimbo. Wazee wa Uluguru wanakumbuka mwaka 1955, wakoloni walipowalazimisha wakulima kuchimba ngazi mashambani ili kuzuia mmomonyoko, wala hawakuwasikiliza wenye ardhi. Watu walikataa, na ghasia zikatokea upande wa Matombo. Kushika udongo lilikuwa jambo jema. Kulazimisha ndiko kulikoliharibu. Mtu hulinda kile anachokijua na kukiona kuwa chake.

Jina la mtaa wetu ni lile lile la mawe ya jikoni, na kila mama ajua kwamba figa moja haliinjiki chungu. Msitu, maji na watu ni mafiga matatu ya mlima huu. Ukiondoa moja, chungu hummwagikia yule yule aliyekuwa akingoja kula.

Shime basi, wazazi! Wafundisheni watoto kumtazama kinyonga badala ya kumpiga. Anayeandaa shamba karibu na msitu asiache moto usiku. Mgeni akija kijijini na fedha akitaka mijusi, vinyonga au vyura, apelekwe kwa serikali ya kijiji aulizwe kibali chake. Na jioni ya mvua, toeni watoto nje na taa moja, mzime, msikilize. Kila kijiji kina vyura wake, na kuwasikiliza hakuhitaji nauli.